Tofauti za Watu na Haki ya Mnyonge: Uhakiki wa Mafunzo ya Ustawi wa Jamii

Mwezi Julai 2014, huko Melbourne, vyama vya kimataifa vya wafanyakazi wa ustawi wa jamii na vya shule zinazowafundisha vilipitisha maelezo mapya ya kazi yao. Maelezo hayo yanataja haki katika jamii, haki za binadamu, wajibu wa pamoja na kuheshimu tofauti za watu kuwa ndiyo mihimili ya kazi hiyo. Yanataja hata ukombozi. Tangu hapo mwanafunzi wa ustawi wa jamii, awe Dar es Salaam au London, huyakariri maneno hayo kabla ya mtihani. Hakuna mpenda maendeleo atakayeyapinga. Lakini kada wa Chama hatosheki na uzuri wa maneno. Hana budi kuuliza: yakishaingia darasani yanafanya kazi gani, na kwa faida ya nani?

Katika makala haya tunakusudia kuhakiki jinsi mambo mawili, yaani tofauti za watu na haki katika jamii, yanavyofundishwa kwa vijana watakaokuwa maafisa ustawi wa jamii. Rai yetu ni kwamba yanafundishwa kama wapangaji wawili wa nyumba moja wasiosalimiana. Somo la tofauti lina wiki zake, somo la haki lina wiki zake, na mwanafunzi haonyeshwi mlango unaoyaunganisha. Kosa hili si dogo. Historia ya Afrika Kusini inaonyesha kwamba somo la tofauti likitengwa na haki huwa silaha ya mnyonyaji. Na historia yetu wenyewe inaonyesha kwamba madai ya usawa yakikataa kuziona tofauti huzaa uonevu wa aina nyingine.

Tuanze na darasa lenyewe. Mmoja wetu alialikwa katika chuo kimoja (hatuna haja ya kukitaja, maana ugonjwa huu si wa chuo kimoja) kusikiliza kipindi juu ya tofauti za watu. Ubaoni palichorwa jedwali. Safu ya kwanza iliandikwa makundi, ya pili mila na desturi zao, ya tatu namna ya kuwahudumia. Mmasai akapata mstari wake, Mhaya wake, Mwislamu wake, mlemavu wake, mzee wake. Wanafunzi walijaza kwa bidii na mwalimu akawasahihisha kwa upole. Lakini hapakuwa na safu ya ardhi. Hapakuwa na safu ya kipato. Mwajiri na kibarua wake, mwenye nyumba na mpangaji, mkopeshaji na mkopaji hawakuonekana popote, utadhani kati yao hakuna tofauti yoyote inayostahili kutazamwa na afisa wa Serikali.

Baada ya kipindi mwalimu alituonyesha kitabu alichokitegemea. Kimechapishwa ng'ambo, na kimeandikwa kwa ajili ya afisa wa mji wa ng'ambo anayewapokea wahamiaji kutoka kila pembe ya dunia. Kwa afisa huyo tofauti kubwa ofisini ni rangi, lugha na mahali mtu alikotoka, na kitabu kinamsaidia asiwe mbaguzi. Hatuna ugomvi na kitabu hicho huko kwao. Lakini afisa wetu wa wilaya ni mtoto wa mkulima kama yule anayemhudumia. Pengine wanatoka tarafa moja. Kinachowatenga ni meza iliyo kati yao: huyu ana kalamu, muhuri, mshahara na Kiingereza, yule ana shida yake tu. Tofauti kubwa kuliko zote katika ofisi ya ustawi wa jamii ya Tanzania ni ile ya pande mbili za meza, na hiyo haimo katika jedwali. Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971 uliiona. Ibara yake ya 15 ilimtaka kiongozi aache kibri, dharau na uonevu kwa wananchi. Ibara hiyo inafaa kuwa kipindi cha kwanza cha somo la tofauti za watu, kabla hatujafika kwenye mavazi na vyakula.

Msomaji anaweza kusema tunakuza jambo dogo. Jedwali la ubaoni litamdhuru nani? Tutazame basi Afrika Kusini, kwa sababu huko kazi ya ustawi wa jamii ilijengwa tangu msingi juu ya jedwali la namna hiyo.

Mwaka 1932 tume iliyogharimiwa na shirika la Carnegie la New York ilitoa ripoti ya vitabu vitano kuhusu Wazungu maskini wa Afrika Kusini. Ilikadiria kwamba Wazungu wapatao 300,000 walikuwa katika ufukara. Watu wenye ngozi nyeusi, ambao ndio waliokuwa wengi na ndio waliokuwa wamenyang'anywa ardhi kwa sheria ya mwaka 1913, hawakuwa shabaha ya uchunguzi huo. Umaskini wa Mzungu ulihesabiwa kuwa tatizo la kijamii linalodai tiba. Umaskini wa Mwafrika ulihesabiwa kuwa hali yake ya kawaida. Mwaka 1934 ulifanyika mkutano mkubwa mjini Kimberley kuzungumzia ripoti hiyo, na mwaka 1937 Serikali ikaunda Idara ya Ustawi wa Jamii. Miongoni mwa waliokuwa mbele katika mkutano wa Kimberley alikuwa profesa wa Chuo Kikuu cha Stellenbosch aliyefundisha elimu ya jamii pamoja na kazi ya ustawi wa jamii. Jina lake Hendrik Verwoerd. Huyu ndiye aliyekuwa Waziri wa mambo ya Waafrika mwaka 1950 na Waziri Mkuu wa Makaburu kuanzia mwaka 1958 hadi alipouawa mwaka 1966.

Tunaomba wanafunzi walitafakari jambo hili bila haraka. Mjenzi mkuu wa ubaguzi wa rangi alikuwa mwalimu wa ustawi wa jamii. Hoja yake ilikuwa kwamba watu ni tofauti, kila kundi lina utamaduni wake, na kwa hiyo kila kundi lipewe huduma zake, shule zake na eneo lake kwa kadiri ya 'asili' yake. Ukiondoa swali la ardhi na mshahara, maneno hayo unaweza kuyasoma darasani leo na baadhi ya wanafunzi wakayaona ya kistaarabu.

Matokeo yake yalionekana hata katika pesa ya uzeeni. Sheria ya pensheni ya wazee ya mwaka 1928 iliwaacha Waafrika nje kabisa. Ilidaiwa kwamba wao wana mila ya kutunzana katika ukoo. Mila ya Mwafrika ilisifiwa ili pesa yake ibaki katika hazina! Mwaka 1944 Waafrika waliingizwa, lakini kwa kiwango kidogo mno kuliko cha Mzungu, na malipo hayakusawazishwa mpaka mwaka 1993, mwaka mmoja kabla ya uchaguzi uliouzika utawala wa ubaguzi. Kwa miaka 65 afisa ustawi wa jamii alikaa mezani akilipa wazee kwa kufuata rangi, na wengi wao bila shaka walijiona wanaheshimu tofauti za watu.

Hata hivyo historia hiyo ina upande wa pili. Mwaka 1941 ilifunguliwa Johannesburg shule ya Jan Hofmeyr, ya kwanza nchini humo kuwafundisha Waafrika kazi ya ustawi wa jamii. Mkuu wake, Ray Phillips, alikuwa mmisionari Mmarekani aliyepata sifa kwa kuwaonyesha wachimba migodi sinema ili wautumie wakati wa mapumziko kwa utulivu badala ya ulevi na fujo. Kwa hiyo shabaha ya shule haikuwa mapinduzi. Ilitaka kutoa vijana watakaosimamia vilabu, michezo na misaada katika makazi ya Waafrika, na kuwafanya watu waizoee hali yao.

Nani walitoka humo? Joshua Nkomo alimaliza hapo, akaajiriwa na reli ya Rhodesia kuangalia ustawi wa wafanyakazi Waafrika, na punde akawa kiongozi wao katika chama cha wafanyakazi. Winnie Madikizela, aliyekuja kuolewa na Mandela, alimaliza mwaka 1955 na kufanya kazi katika hospitali ya Baragwanath. Uchunguzi wake wa vifo vya watoto wachanga huko Alexandra ulimfungua macho kuhusu siasa kuliko hotuba nyingi. Na Eduardo Mondlane alipita katika shule hiyo kabla ya kuingia Chuo Kikuu cha Witwatersrand, alikofukuzwa mwaka 1949. Huyu sisi wa Dar es Salaam tunamfahamu: FRELIMO ilizaliwa katika mji wetu mwaka 1962 chini ya uongozi wake, na ni katika mji wetu bomu la maadui lilipomuua tarehe 3 Februari 1969.

Ni kitu gani kilichowageuza wanafunzi wa shule ya utulivu kuwa wapiganaji? Sababu ni nyingi, na hatutaki kuipa shule sifa ya mapambano ambayo mizizi yake ilikuwa katika umma. Lakini moja ni ya wazi kwa mwalimu yeyote. Kazi yao iliwapeleka nyumba kwa nyumba. Mwanafunzi aliyefundishwa asubuhi kwamba mtoto hufa kwa sababu mama hajui usafi, jioni alimkuta mama mwenyewe, akaona hakuna maji, akauliza mshahara wa baba, akapiga hesabu. Somo likavunjika mikononi mwake.

Sasa tujigeukie wenyewe, maana uhakiki unaoishia kwa Makaburu ni rahisi mno na haumgharimu mtu.

TANU iliamini kwamba binadamu wote ni sawa, na imani hiyo ilitujengea taifa. Kiswahili, shule za pamoja na Jeshi la Kujenga Taifa viliwakutanisha vijana wa makabila yote, na jirani zetu wengi walilionea wivu jambo hilo. Lakini palikuwapo na tafsiri ya uvivu ya imani hiyo: kwamba kwa kuwa sisi sote ni wananchi, anayetaja tofauti ni mkabila au kibaraka. Mwaka 1968 viongozi katika Mkoa wa Arusha waliendesha kampeni ya kuwakataza Wamasai kuvaa lubega na kujipaka ngeu, kwa jina la maendeleo. Suruali ikafanywa kipimo cha uraia. Wakati huohuo bwanyenye aliyevaa suti nadhifu aliweza kupita bila kuulizwa suti hiyo imelipwa na jasho la nani. (Sisi wenyewe tuliokuwa tukivaa suti za Kichina tulidhani tumeshaepuka swali hilo.)

Zito zaidi ni lile la nyanda za Hanang. Katika miaka ya 1970 na 1980 mashamba makubwa ya ngano yalifunguliwa huko na shirika la umma la NAFCO kwa msaada wa Kanada. Ngano ilikuwa chakula cha taifa na shirika lilikuwa la umma, kwa hiyo nani angepinga? Wabarabaig walipoteza malisho yao bora, na trekta zikapita juu ya makaburi ya wazee wao. Wanakijiji wa Mulbadaw walikwenda mahakamani mwaka 1981, wakashinda Mahakama Kuu, na mwaka 1985 Mahakama ya Rufani ikautengua ushindi huo. Miongoni mwa sababu ni kwamba hawakuthibitisha kuwa wao ni wenyeji kwa maana ya sheria ya ardhi tuliyoirithi kwa mkoloni. Wafugaji waliozikwa hapo vizazi kwa vizazi walitakiwa kuthibitisha uenyeji! Maslahi ya wengi ni kanuni yetu na hatuiachi. Lakini kanuni hiyo inatumika kwa haki pale tu yule mchache anaposikilizwa kwanza, na hasara yake kuhesabiwa kwa kipimo anachokijua yeye: malisho, chumvi, maji, kaburi. Hiyo ndiyo kazi ambayo afisa ustawi wa jamii alipaswa kuifanya Hanang. Hakufundishwa kuifanya.

Kuna wenzetu watakaosema: basi tuheshimu mila zote, yaishe. Hapana. Kufumba macho mbele ya mila ni kumwacha mnyonge mikononi mwa mwenye nguvu wa nyumbani kwake. Mfano ulio bora, na ambao tungependa uchukue wiki nzima ya mafunzo, ni shauri lililoanzia wilayani Muleba. Mwaka 1988 mwanamke mmoja aliyeona uzee umemfika na hana wa kumtunza aliuza shamba la ukoo alilorithishwa na baba yake kwa wosia. Alipata shilingi 300,000. Ndugu wa ukoo, mpwa wake, akashtaki katika mahakama ya mwanzo kwamba kwa mila za Wahaya mwanamke hana mamlaka ya kuuza ardhi ya ukoo. Na kweli, kanuni za sheria za mila zilizotangazwa na Serikali mwaka 1963 zilimruhusu mwanamke kuitumia ardhi hiyo tu katika uhai wake. Shauri lilipanda hadi Mahakama Kuu Mwanza, na mwaka 1990 Jaji Mwalusanya akaamua kwamba kanuni hiyo inapingana na haki za binadamu zilizoingizwa katika Katiba mwaka 1984. Mwanamke ana haki ya kuuza kwa masharti yaleyale yanayomhusu mwanamume.

Jedwali la ubaoni lingefanya nini na bibi huyu? Lingemweka katika mstari wa Wahaya, na katika safu ya mila lingeandika kwamba ardhi ya ukoo haiuzwi na mwanamke. Kisha lingemshauri afisa kuheshimu. Lakini bibi naye ni Mhaya. Mpwa ni Mhaya. Ndani ya 'tofauti' ileile kuna mwenye ardhi na asiye nayo, kuna aliyetunga kanuni na aliyetungiwa. Tena kanuni zenyewe ziliandikwa na kugandishwa na dola. Mila iliyokuwa ikizungumzwa na wazee na kubadilika ikawa ibara ya Gazeti la Serikali. Mwanafunzi afundishwe kuuliza maswali ya mkulima anaponunua jembe: nani ananufaika na mila hii, nani anailipa, na waliomo wenyewe wanasemaje wakikaa peke yao bila mwenye mji kuwasikiliza? Kikongwe yule hakuuliza habari za utamaduni. Alikuwa akitafuta wa kumtunza uzeeni, na alipomkosa katika ukoo alimtafuta sokoni. Kama afisa ustawi angefika mapema, pengine shamba lisingeuzwa kabisa. Swali hilo halikuulizwa mahakamani, na darasani halijaulizwa bado.

Tutaje kwa ufupi suala la ndugu zetu wenye ualbino. Tangu miaka ya 2006 na 2007 mauaji yao yaliitia nchi yetu aibu, na Serikali ikalazimika kuwakusanya watoto katika vituo kama Buhangija, Shinyanga, ili waishi. Uhai ulikuja kwanza, na tunaelewa. Lakini somo la tofauti linaloishia katika kueleza ngozi na ushirikina halimwambii mwanafunzi kwamba palikuwa na soko: mganga aliyeuza ahadi, na mteja mwenye pesa aliyezinunua, wakiwamo baadhi ya watu wa machimboni na wa uvuvi wa Ziwa Victoria waliotaka utajiri wa haraka. Mtoto akatengwa na mama yake kwa ajili ya usalama. Mteja wa mganga akabaki nyumbani kwake.

Tukirudi kwenye maelezo yale ya Melbourne, upungufu wake mkubwa sasa unaonekana. Yanataka mabadiliko ya jamii na mshikamano wa jamii katika sentensi moja, bila kusema nini kifanyike vikigongana. Muleba vilikuwa vinagongana: mshikamano wa ukoo upande mmoja, haki ya bibi upande wa pili. Hanang vivyo hivyo. Afisa hapati nafasi ya kuheshimu vyote kwa wakati mmoja; atatia saini upande mmoja. Elimu isiyomwandaa kwa saini hiyo inamwacha afuate kibri chake au woga wake kwa mkuu wa kazi.

Tunapendekeza nini? Kwanza, mafunzo ya vitendo yasiwe majuma machache ya kukaa ofisini kupanga mafaili. Mwanafunzi akae kijijini au mtaani, ale wanachokula, na taarifa yake isomwe mbele ya wale alioishi nao, wao wakiwa na sauti katika alama anazopata. Tunajua wakufunzi watasema wananchi hawajui vigezo. Wanavyo vya kwao, na wataanza na heshima. Nalo suala la vitabu si jipya: chama cha vyuo vya ustawi wa jamii vya Afrika, kilichoundwa mwaka 1971 na kuwa na makao Addis Ababa, kilidai vitabu vinavyotokana na maisha ya Afrika, na kikafa kabla dai hilo halijatimia. Taasisi yetu ya Ustawi wa Jamii pale Kijitonyama ilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1973. Kwa nusu karne wanafunzi wamekwenda mikoani na kurudi na taarifa za mazoezi. Zikichambuliwa, hicho ndicho kitabu.

Lipo pia suala la lugha, ambalo wengi hulikwepa kwa kuwa linawagusa wakubwa. Somo la kuheshimu tofauti za watu linafundishwa kwa Kiingereza, mtihani wake unaandikwa kwa Kiingereza, na mwanafunzi anapotoka hana neno la kumwambia bibi wa Muleba juu ya haki yake ila kwa kulitafsiri kichwani, nusu likapotea njiani. Mwaka 2021 sheria ilifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama zetu. Hakimu sasa anaweza kumsomea bibi hukumu akaielewa. Taarifa ya ustawi iliyo mbele ya hakimu huyo bado inaandikwa na mtu aliyejifunza kumfikiria bibi kwa lugha ambayo bibi haijui, na akiulizwa na mzee wa baraza maana ya neno moja katika taarifa yake mwenyewe, huinama na kupekua daftari la chuo.